Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: Umeme wa kesho hautatoka chanzo kimoja

Ramadhani ya mwaka 2006 ilinikuta Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wakati ule Ikola ilikuwa bado Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, na leo Ikola imo katika Wilaya ya Tanganyika. Nilikuwa nimeondoka Dar es Salaam ikiwa katika mgawo mkali wa umeme, nikapanda treni ya Tabora hadi Mpanda, kisha lori hadi ziwani, kwenda kumjulia hali baba yangu mdogo.

Nilipofika nikamwambia kwamba nimekimbia giza la Dar. Akacheka. "Mwanangu, umekimbia giza ukaja kwenye giza lenyewe. Sisi hapa hatugawiwi umeme, maana hatuna wa kugawiwa."

Msikiti walikoswali ulikuwa na jenereta ndogo ya dizeli, iliyowasha taa nne na kipaza sauti wakati wa tarawehe. Dizeli ilitoka Mpanda, safari ya zaidi ya kilomita mia moja. Ilipofika kumi la mwisho, lori lililokuwa likiletea kijiji mafuta likaharibika njiani. Dizeli ikaisha. Wazee wakaanza kushauriana. Muuza duka mmoja alikuwa na paneli ndogo ya sola na betri moja ya gari. Akaitoa kwa msikiti bila masharti. Mchana betri inakula jua, usiku inawasha taa mbili na kipaza sauti.

Usiku mmoja wa kumi lile, kabla ya Isha, mkunga wa zahanati akatuma mtu. Kuna mama amekuja kujifungua, hali yake si nzuri, na karabai ya zahanati imekatika utambi wake na hakuna mwingine. Wanaomba taa. Betri iliyojaa ilikuwa moja tu kijiji kizima. Imamu hakuuliza swali la pili. Akasema ipelekwe zahanati, nasi tutaswali kwa fanusi. Nilimsaidia baba mdogo kubeba ile betri. Ziwani kulikuwa na mwanga mwingi kuliko nchi kavu, kwani mwezi ulikuwa umefifia na wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha karabai zao, utadhani kuna mji juu ya maji. Mama yule alijifungua salama kabla ya daku, mtoto wa kike. Akijaaliwa uhai, leo ni binti mkubwa.

Baada ya Idd wazee walikaa kutafuta dawa ya tatizo lile. Wapo waliotaka wachange wanunue jenereta kubwa zaidi. Wapo waliotaka jenereta iuzwe, zinunuliwe paneli tupu. Baba mdogo, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, akawapinga wote. Akasema jenereta kubwa itakula dizeli nyingi zaidi, na lori likikwama tutakuwa na giza kubwa zaidi. Na paneli tupu, masika yakija mawingu yakatanda siku nne, tutarudi pale pale. Akataka paneli mbili, betri mbili, na jenereta ile ile ndogo ibaki kama akiba. "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," akamaliza. Kwa vijana wa mjini wasiolijua neno hili, kinga ni kile kijiti chenye moto. Kijiti kimoja huzimika, ila vikikutanishwa moto hushika.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa wazee wa Ikola ndio mjadala wa Tanzania nzima leo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wakizungumzia wati mia moja, na sisi tunazungumzia megawati maelfu.

Megawati si uniti

Kwanza tuelewane juu ya maneno, kwa sababu wengi wetu hudanganyika hapa. Unaponunua LUKU unanunua uniti. Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 itakwenda saa 100 kwa uniti moja. Megawati ni kitu kingine. Huo ni uwezo wa mtambo kutoa umeme kwa mara moja, na megawati moja ni wati milioni moja.

Mfano wake ni mtungi. Megawati ni upana wa mdomo wa mtungi, uniti ni maji yanayotoka. Mtungi unaweza kuwa na mdomo mpana sana, lakini kama maji ndani ni kidogo, hutajaza ndoo nyingi.

Chukua Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, ujazaji wa maji ukaanza Desemba 2022, mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme mapema mwaka 2024, na mashine zote tisa zikakamilika mwaka 2025. Ni kazi kubwa ya kujivunia. Lau mashine hizo zote zingezunguka kwa nguvu zote usiku na mchana mwaka mzima, zingetoa uniti zaidi ya bilioni 18. Lakini wataalamu waliopanga mradi walikadiria uniti karibu bilioni 6 kwa mwaka. Kwa nini? Kwa sababu mto hauleti maji ya kutosha kuzungusha mashine zote kila saa ya kila siku. Mdomo ni mpana, ila maji ni ya Mwenyezi Mungu, na huyaleta kwa majira yake.

Kwa hiyo anaposimama mtu akasema tuna megawati 4,000, na matumizi ya nchi ni madogo kuliko hapo, basi tulale usingizi, mwulize swali moja tu: mtungi una maji kiasi gani, na mwaka wa ukame utakuwaje? Uwezo wa mitambo yote nchini ulivuka megawati 4,000 mwaka 2025, na mwanzoni mwa mwaka huo kilele cha matumizi kilikuwa bado chini ya 2,000. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, lakini haikumaliza habari.

Tumeshaumwa na nyoka

Hatuzungumzi nadharia. Mwaka 2006, uliponikimbiza mimi Dar, mabwawa yalikuwa yamekauka na nchi ilikuwa imetegemea maji kupita kiasi. Viwanda vilisimama, vinyozi na mafundi cherehani walikaa barazani. Katika pupa ya kutafuta mitambo ya dharura ikazaliwa kashfa ya Richmond, iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Tazama jinsi ukame wa mtoni ulivyoishia Bungeni. Mtu akiwa na dhiki hununua kwa bei yoyote, na mwenye kuuza analijua hilo.

Oktoba 2015 mambo yakajirudia. Maji yalipungua hata mitambo ya maji ikabaki na uwezo wa karibu moja ya tano tu. Kilichotuokoa tusizame ni gesi, kwa kuwa bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikuwa limekamilika mwaka ule. Mwaka 2023, kuanzia Septemba, mgawo ukarudi tena, nchi ikipungukiwa megawati mamia. Kisha mvua zikanyesha, mashine ya Rufiji ikaanza kazi, na Aprili 2024 TANESCO ikazima baadhi ya mitambo ya maji kwa kuwa umeme ulizidi matumizi!

Miezi michache kutoka njaa hadi shibe ya kumwaga. Je, hali hiyo haikukumbushi kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam? Miaka saba ya neema ikafuatiwa na saba ya dhiki, na watu wa Misri wakaokolewa na mpango uliowekwa wakati wa neema. Sisi sasa tumo katika miaka ya neema. Huu ndio wakati wa kupanga. Kupanga wakati wa giza ndiko kulikotupeleka kwenye Richmond.

Mito mingi, bonde moja

Watu husema, "Lakini mabwawa yetu ni mengi." Ni kweli, ila tuyafuatilie maji yake yanakokwenda. Mtera, megawati 80, iko Ruaha Mkuu. Kidatu, megawati 204, iko Ruaha huo huo. Maji ya Kihansi, megawati 180, yanaingia Kilombero. Ruaha na Kilombero zote zinaishia Rufiji, ambako ndiko liliko Bwawa la Nyerere. Jumlisha, utapata zaidi ya megawati 2,500 katika bonde la mto mmoja. Ni karibu theluthi mbili ya uwezo wa nchi nzima.

Na Ruaha Mkuu una historia ya kusikitisha. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa kila kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu juu yake, Usangu, kuna mashamba ya mpunga na mifugo inayogombea maji yale yale. Mkulima wa Mbarali naye ana haki ya kula. Kwa hiyo hata mvua isipopungua, wanaoyataka maji wanaongezeka.

Ili niwe mwadilifu, lazima niseme pia kwamba Bwawa la Nyerere si kama Mtera. Lina uwezo wa kuhifadhi maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, akiba inayoweza kuvusha nchi kiangazi cha kawaida. Wanaolitetea wana hoja, nami sisemi lisingejengwa. Ninachosema ni kwamba akiba kubwa namna hiyo inahitaji wa kuisaidia ili isiliwe haraka.

Kila kinga na kazi yake

Hapa ndipo baba mdogo anapotufundisha. Aliujua udhaifu wa kila chanzo, na alijua kwamba paneli na jenereta haviharibiki siku moja.

Jua la Shinyanga, Singida na Dodoma ni kali, na huwa kali zaidi kiangazi, pale pale mito inapopungua. Wapinzani wa sola husema haifai kwa sababu kilele cha matumizi yetu ni jioni, jua likiwa limekuchwa. Hoja hiyo ina jibu. Mchana sola ikifanya kazi, mashine za bwawa hupunguzwa, maji yakabaki ndani. Jioni watu wanapopika futari na kuwasha taa, yale maji yaliyowekwa mchana yanafunguliwa. Bwawa linageuka kuwa betri ya jua. Mradi wa Kishapu, Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150 na kuanza na 50, una maana hiyo.

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, haijali mvua wala mawingu. Kazi yake iwe nguzo ya miaka ya ukame. Lakini gesi ikichomwa hairudi, basi tusiichome ovyo wakati maji yamefurika. Upepo tunao, na Mufindi kuna mradi mdogo wa Mwenga uliokwisha kutuonyesha njia. Joto la ardhini lipo maeneo kama Ngozi, Mbeya, nalo halilali usiku wala mchana.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia hapa. Joto la ardhini la Olkaria ndilo linalowapa sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote, na juu yake wana maji, upepo na jua. Lakini nao wana somo lao. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, 365 kwa idadi, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, huku njia ya kusafirishia umeme ikiwa haijaisha hadi 2018. Upepo ulivuma, mitambo ikakaa bure, na fidia ikadaiwa. Chanzo bila waya ni sawa na kisima bila kamba.

Waya nao ni chanzo

Zanzibar wanalijua hili kuliko sisi wa Bara. Mei 2008 umeme unaopita chini ya bahari kwenda Unguja ulikatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, kina mama wakarudi kubeba ndoo vichwani, samaki wakaoza. Bara kulikuwa na umeme. Tatizo lilikuwa njia moja, kuukuu, isiyo na mwenzake, na kisiwani hakukuwa na mitambo ya kutosha ya kujitegemea. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013.

Sasa turudi Katavi. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa. Dizeli inayosafirishwa mbali namna ile ni ghali, na mteja wa Mpanda hulipa bei ile ile ya LUKU, hivyo hasara ilibebwa na shirika, yaani na sisi sote. Ndiyo maana ukajengwa mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Ni haki ya watu wa Katavi, na imechelewa.

Lakini angalia ramani. Maji ya Rufiji yanazungusha mashine upande wa mashariki, na umeme wake usafiri hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, mwisho kabisa wa waya. Umeme hupungua njiani kwa kuwa waya hupata joto, na kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo unavyopotea. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walishangaa, "Si tuna Bwawa?" Sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya umbali, kwamba upotevu wa umeme njiani kwenda kaskazini unagharimu shilingi bilioni 32 hivi kwa mwaka. Mtu anaweza kupinga uamuzi, lakini hawezi kuipinga fizikia.

Kama kaskazini ni mbali, Ikola je? Jibu si kuwanyima waya. Jibu ni waya ukutane na vyanzo vya huko huko. Igamba kwenye mto Malagarasi, Kigoma, kuna mradi wa megawati 49.5. Katavi kuna jua. Sola ikiwekwa karibu na mwisho wa waya, inapunguza mzigo unaosafirishwa na kuupa umeme nguvu pale unapochoka. Na siku mti ukiangukia nguzo porini kule Inyonga, zahanati ya ziwani isizimike.

Hofu yangu kubwa ni hii. Waya unapofika kijijini, watu hufurahi wakaitupa sola yao. Paneli inageuzwa kichanja, betri inauzwa chuma chakavu. Na serikali nayo huona kazi imekwisha. Tunakuwa tumebadili utegemezi wa lori la dizeli kwa utegemezi wa waya mmoja.

Ghali kwa nani?

Wapo watakaoniambia kwamba vyanzo mchanganyiko ni anasa ya matajiri, na kwamba nchi maskini ichague kimoja cha bei nafuu. Hoja hii ina uzito. Mwananchi wa kijijini amewekewa bei ya kuunganishwa ya shilingi 27,000, na hata hiyo wapo wasioiweza. Mkutano wa nishati uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025 uliunga mkono lengo la kufikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030, na fedha hazitatosha kila kitu.

Lakini tuhesabu vizuri. Bei ya umeme haiishii kwenye uniti. Tuongeze jenereta za madukani zilizonunuliwa wakati wa mgawo, nyama iliyooza, siku za kibarua zilizopotea, na mikataba ya dharura iliyosainiwa usiku. Maskini ndiye aliyelipa yote hayo, kwa sababu tajiri ana jenereta uani. Chanzo kimoja cha bei nafuu huwa nafuu mpaka siku kinapokwama.

Sisi wa mjini tuna la kufanya pia, tusiwaachie viongozi peke yao. Tuwaulize wabunge wetu maswali matatu. Je, mwaka wa ukame kama 2006, ni uniti ngapi zitakuwepo bila bonde la Rufiji? Je, kila chanzo kipya kina waya wake tayari? Je, mkoa ulio mwisho wa waya una kinga yake mwenyewe? Na misikiti yetu, shule zetu na zahanati zetu zina mapaa mapana yanayopigwa na jua kutwa nzima, huku feni zikizunguka ukumbini bila mtu. Israfu ni israfu, hata ikiwa ya umeme.

Baba mdogo ametangulia mbele ya haki. Mara ya mwisho niliposwali kwake, paneli mbili zilikuwa juu ya bati, na ile jenereta ndogo ilikuwa ndani, imefunikwa turubai, tangi lake limejaa. Nilimwuliza kwa nini anaweka dizeli ya bure wakati sola inatosha. Akaniambia, "Mwanangu, sikuiweka kwa ajili ya leo. Nimeiweka kwa ajili ya ule usiku watakapokuja tena kuomba taa."